Ndio Ikaoza

Nianze na kosa lenyewe, maana nimechoka kulizunguka. Niliandika sentensi moja ya Kiingereza yenye maneno kumi na manne, na kwa sentensi hiyo baba yangu akafungwa. Wengine nikiwaambia hivyo wanacheka kwanza, halafu wakiona mimi sicheki wanauliza, "Sentensi gani hiyo ya kufunga mtu?" Nitaisema. Lakini ngojeni kwanza mjue nilivyokuwa, maana msipojua kiburi changu hamtaelewa kitu.

Ulikuwa mwaka wa njaa, ule ambao nchi nzima ilikula mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, na watoto wakaapa kwamba ugali wake unanuka dawa. Tulikuwa tunakaa Huruma, hapa Eldoret, vyumba viwili vya kukodi: baba, mama, wadogo zangu watatu na mimi. Wazazi wangu walikuja huku kutoka Mkoa wa Kati kabla sijazaliwa, wakifuata shamba ambalo hawakulipata, na baba akaishia kuwa mlinzi na mtunza magunia katika stoo moja ya mahindi karibu na reli. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mlango wa chuo cha ualimu sikuwa nimeuona hata kwa nje. Nilimaliza tu kidato cha nne, walimu walikuwa hawatoshi, ofisi ya elimu ikanipa barua ya kufundisha muhula kwa muhula. Barua yenyewe ingeweza kukatwa siku yoyote. Lakini mtaani nani alijua hayo? Kwao mimi nilikuwa Mwalimu, tena mwalimu wa Kizungu, si wa kuimbisha watoto.

Baba ndiye aliyezidi wote. Siku niliyoleta ile barua aliacha kuniita kwa jina langu. Akitaka chumvi, "Mwalimu, hebu nipitishie chumvi." Akiwa na mgeni alinituma kitu cha bure, kibiriti au maji, ndio tu mgeni asikie akiniita. Mama alimwambia aache, unamharibu huyo msichana. Alikuwa ameshaniharibu, na mimi nilikuwa nimefurahi kuharibika.

Sasa miezi miwili kabla mambo hayajaenda mrama, inspekta wa shule aliingia darasani kwangu bila hodi. Lilikuwa darasa la saba. Nilikuwa nimeandika ubaoni, kwa mwandiko wangu mzuri, "He works hard so that he passes", yaani anafanya bidii ili apite. Inspekta alikaa nyuma dakika tano, akainuka, akaja mbele, akanitoa chaki mkononi. Darasa lilikuwa na watoto hamsini na kitu, wote wakitazama.

"Baada ya 'so that' unaweka nini, Mwalimu?"

Akajijibu mwenyewe.

"'May'. 'Might'. Huwezi kuacha kitenzi uchi namna hiyo. Unataka hawa wafeli?"

Akafuta neno langu kwa kidole, akaandika "may pass", akalipigia mstari mara mbili mpaka chaki ikakatika. Watoto wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke nimezwe na madawati yangu yote.

Nilienda nyumbani nikalia, halafu nikashika adabu. "So that", "may". "So that", "might". Nilikariri nikifua nguo, nikakariri nikipanga foleni ya unga. Shule ilikuwa na kitabu kimoja tu cha sarufi, jalada lilishatoka, nikakiomba kwa hedimasta nikausoma ukurasa wa "so that" juu hadi chini. Kumbe inspekta alikuwa sawa! Kitabu kilisema vilevile: ukieleza nia, ukieleza kile mtu anachokitaka, baada ya "so that" weka "may" au "might". Hiyo "might" ilinipendeza ajabu, niliiona ni neno la watu waliosoma wakashiba. Ukurasa wa pili sikuufungua. Kwa nini ningeufungua? Nilikuwa nimepata nilichotaka.

Basi, ile stoo. Mwaka ule wa njaa, wakati watu wanapigania unga madukani, stoo ya tajiri wa baba ilijaa mpaka magunia mengine yakapangwa uani juu ya mbao, yakafunikwa turubai. Sitaki kuuliza yalikuwa yanangoja nini. Kazi ya baba ilikuwa kuyalinda, na jua likiwaka vizuri, kutoa turubai mahindi yapumue. Siku hiyo jua liliwaka. Baba akatoa turubai. Mara akaitwa getini afungulie lori, lori likawa kubwa, geti likawa bovu, na mvua ya hapa kwetu mnaijua, haibishi hodi. Aliporudi mbio magunia ya juu yalikuwa yameshalowa.

Hapo ndipo baba alipokosea, na sitamfichia. Angemwambia meneja. Badala yake akafunika tena akanyamaza, akijiambia yatakauka yenyewe. Aliogopa. Mwezi huo huo meneja alikuwa amemfukuza mtu kwa sababu ya gunia lililopasuka, na baba alijua unga wake ukimwagika hapo hakuna mahali pengine mzee wa umri wake ataandikwa. Majuma mawili baadaye harufu ilitoka yenyewe. Turubai lilipofunuliwa mahindi yalikuwa yamechipuka ndani ya magunia, mengine meusi tii.

Meneja hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyomtia baba hofu zaidi. Alimwambia tu: lete maelezo, kwa maandishi, kwa Kiingereza, Jumatatu asubuhi.

Baba alirudi nyumbani Jumamosi mchana, akavua koti, akaketi. Alikuwa na hofu, ndiyo, lakini chini ya hofu niliona kitu kingine. Alikuwa na raha kidogo. Wenzake wote stoo wangelia kwa kutafuta mtu wa kuwaandikia Kiingereza. Yeye alikuwa naye nyumbani.

"Mwalimu," akasema, "leta karatasi."

Nikaleta fulskepu. Mama akatoa vyombo mezani, akapangusa, akasimama nyuma yangu amejifunga leso kiunoni.

"Na usiandike mchezo," mama akasema. "Andika ile Kizungu nzito. Waone huyu mzee si wa kuonewa."

Baba akaanza kusema, polepole, kama mtu anayepanga matofali.

"Andika hivi. Nilitoa turubai ndio mahindi ipate hewa. Nikaitwa geti nifungulie lori, ndio mvua ikanyesha. Nikarudi mbio nikapata juu imelowa. Nikafunika tena nikanyamaza, ndio ikaoza. Sasa naomba msamaha."

Hebu sikilizeni maneno hayo vile sisi watu wa huku tunavyoyasikia. Hii "ndio" yetu inabeba mzigo wa punda. Nimekuja ndio tuongee: hapo ni nia, mtu wa pwani angesema ili. Alichelewa ndio akafutwa: hapo hakuna nia yoyote, hakuna mtu anayechelewa akitaka kufutwa, ni mambo tu yalivyoishia. Neno ni moja, na sikio linatenganisha bila kufikiri. Linasikia "ipate", linajua mtu alikuwa anataka. Linasikia "ikaoza", linajua ni balaa limempata. Mtoto wa miaka mitatu hapa Huruma hawezi kukosea hiyo.

Nikakosea mimi, mwalimu, kwa sababu sikuwa namsikiliza baba. Nilikuwa nawinda "so that" zangu. Kila aliposema "ndio" moyo wangu uliruka: hii hapa, na hii nyingine! Ya kwanza niliiandika vizuri, alitoa turubai ili mahindi yapate hewa, "so that the maize might get air". Safi kabisa. Na ya mwisho nikaiandika vilevile, kwa kalamu ileile, na bado nikaona ni maridadi:

"I covered the bags again and kept quiet so that the maize might rot."

Nilifunika magunia tena nikanyamaza ili mahindi yaoze. Hivyo ndivyo inavyosema. Haisemi kitu kingine chochote. Nimeitazama miaka mingi nikitafuta mahali pa kupenya, hakuna.

Nilimsomea baba barua nzima kwa sauti. Hakuelewa neno isipokuwa "maize" kwa sababu nililitamka nikimwonyesha kwa kidole. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akafumba macho akisikiliza. Halafu akaweka sahihi yake, herufi moja moja, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Mama akasema, "Eeh, hiyo sasa ni barua." Jumatatu akaipeleka mwenyewe.

Jumanne walimchukua.

Mnaokumbuka miaka ile mtaelewa haraka. Redio ilikuwa inasema kila siku kuna watu wanaoharibu chakula ili serikali iaibike. Chifu alisema kwenye baraza. Mwenyekiti wa chama wa mtaa alisema, akapiga na meza. Kila mtu aliogopa kuonekana hajamkamata mtu. Meneja naye, uani kwake magunia yameoza wakati watu wana njaa, alihitaji sana mwenye makosa awe mtu mwingine, na mimi nilimwandikia kwa mwandiko mzuri.

Nilienda kituo cha polisi na gauni langu la kufundishia, chaki bado kwenye mikono. Afisa aliyekuwa na kesi alikuwa mtu mpole wa kutosha. Nyuma yake picha ya Rais, mbele yake faili. Akaniuliza mimi ni nani, nikasema, akasema, "Pole, lakini mzee wako amekiri mwenyewe. Soma." Akanigeuzia ile karatasi.

Ilikuwa mara ya kwanza kuisoma nikiwa naogopa. Nikafika mwisho. Mungu wangu! Nilielewa hapo hapo, kabla sijaambiwa na mtu. Huo ndio ukweli na ndio unaonitesa: nilijua Kiingereza cha kutosha kuliona kosa, sikujua cha kutosha kutolifanya.

"'Nilinyamaza ili mahindi yaoze,'" afisa akasema. "Swali langu ni moja tu. Nani alimtuma?"

"Hakuna aliyemtuma! Ni mimi niliandika. Nilikosea. Alisema yakaoza, mimi nikaandika ili yaoze."

"Wewe unafanya kazi gani?"

Nikaficha mikono nyuma. Alikuwa ameshaona chaki.

"Mwalimu wa nini?"

"Wa Kiingereza," nikasema, na sauti ilitoka ndogo hata mimi sikuisikia vizuri.

Akafunga faili. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilirudi shuleni saa ya chakula, nikaenda moja kwa moja kwenye kile kitabu kisicho na jalada, nikafungua ule ukurasa wa nia niliokuwa naujua kwa moyo, kisha nikaugeuza. Haki ya Mungu, ilikuwa mgongoni mwa karatasi ileile. Matokeo. Kitabu kilieleza kwa upole kabisa: ukitaka kusema lile lililotokea, lililotakwa au lisilotakwa, usitumie "may" wala "might", acha kitenzi cha kawaida, tena weka mkato kabla ya "so that", msomaji apumue, ajue huku ni kufanya na kule ni kutokea. Ningeandika "and kept quiet, so that the maize rotted". Mkato mmoja. Kuondoa "might" moja. Nilikaa sakafuni ofisini nikakumbatia kile kitabu nikalia kwa sauti, na wasichana wa darasa la saba wakachungulia dirishani wakakimbia.

Nilimwambia mama jioni hiyo, kabla taa haijawashwa. Nilidhani atanipiga. Aliendelea kuchambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

"Na kwani Kiswahili kilikuwa na nini?" akauliza mwishowe.

"Meneja alitaka Kiingereza, mama."

"Na mimi nikasema kizito," akasema. Hakunitazama tena mpaka kesho yake.

Kesho yake nilirudi kituoni na kitabu. Nilikuwa nimetia vijiti vya kibiriti kwenye kurasa zote mbili. Nikamwonyesha yule afisa: hapa nia, hapa matokeo, na hapa ndipo nilipokosea. Akasikiliza, kwa kweli alisikiliza. Kisha akasema, "Sasa, Mwalimu, nikiandika hapa kwamba hujui Kizungu, nitalazimika kuuliza serikali inakulipa kwa kazi gani. Umefikiria hiyo?"

"Uliza," nikasema.

"Nenda nyumbani ufikirie."

Hedimasta alikuwa amesikia kabla sijafika. Mtu mzuri, sitamsema vibaya. Alifunga mlango wa ofisi akaniambia waziwazi kwamba siku nitakayosimama kortini niseme sijui kuandika sentensi ya darasa la saba, barua yangu ya kazi itakatwa siku hiyo hiyo, na yeye hatakuwa na la kunisaidia. "Na baba yako akifungwa hata hivyo," akasema, "wale wadogo zako watakula nini?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijui kweli. Baba alikuwa ndani, kazi yake ilishakwenda, na mshahara wangu wa kuungaunga ndio uliokuwa umebaki kati yetu na njaa ileile iliyokuwa kwenye redio.

Lakini hayo yote yalikuwa mbali. Karibu kulikuwa na baba tu, amelala kwenye simiti kwa sababu ya "might" yangu. Nilikuwa tayari nifutwe, nichekwe, watoto wote wa Huruma waniimbie njiani. Nilitaka atoke. Sikumbuki kutaka kitu kingine chochote mwezi ule mzima.

Waliniruhusu kumwona mara moja kabla ya kesi. Alikuwa amekonda shingo. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama watoto wamefanya mtihani.

"Baba, nisikilize. Ile barua nilikosea. Inasema ulitaka ioze. Nitawaambia korti ni makosa yangu."

Akanitazama vizuri, akaangalia askari, akashusha sauti.

"Nani amekufundisha useme hivyo? Wakili?"

"Hatuna wakili, baba. Ni ukweli."

"Watakufuta kazi."

"Hawatanifuta."

"Unanidanganya," akasema, wala hakuwa na hasira. "Unataka kujiaibisha sababu yangu. Wacha, Mwalimu. Mungu yuko."

Nikashika nondo zilizokuwa kati yetu nikamwambia baba, haki, nilikosea, sikuelewa, nilikuwa mjinga. Akawa anatingisha kichwa tu. Askari akasema muda umeisha. Nilitoka nikijua hajaamini hata neno moja, lakini nikajipa moyo: haidhuru, korti itaamini.

Korti ilijaa siku hiyo. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwepo, watu wa stoo, majirani, mama na leso yake mdomoni. Shtaka lilikuwa kuharibu mali kwa makusudi. Baba alikana. Meneja akatoa barua, ikasomwa kwa Kiingereza, karani wa korti akaitafsiri kwa Kiswahili safi cha kwao pwani: nilinyamaza ili mahindi yaoze. Watu wakaguna. Nikaitwa.

Niliapa kwa Biblia nikaeleza. Hakimu, mzee wa miwani mizito, akaniuliza kwa Kiingereza, "Tofauti unayosema ni ipi hasa?" Na hapo, jamani, niliomba Mungu anipe maneno, na Mungu akanipa. Sijawahi kufundisha hivyo tena maishani. Nilimweleza kwa Kiingereza kilichonyooka: nia ni kile mtu anachotaka kabla ya kufanya, matokeo ni kile kinachokuja baada ya kufanya, atake asitake. Nikampa mifano. Nikamweleza "ndio" yetu, jinsi inavyobeba vyote viwili. Nikamweleza mkato. Sikubabaika, sikutafuta neno. Hakimu alikuwa akiandika na kuitikia kwa kichwa, na nikaona tumeokoka.

Akaweka kalamu chini.

"Mwalimu wangu mwenyewe hakunieleza vizuri hivi," akasema.

Mwendesha mashtaka akasimama polepole, anatabasamu.

"Mheshimiwa, mtu anayeweza kufundisha korti somo hili hakulikosea mezani kwake."

Nikasikia watu nyuma yangu wakinong'ona. Nikaanza kusema wakati ule sikujua, nimejifunza juzi, nimejifunza baada ya kukamatwa, uliza inspekta, kuna ukurasa wa pili! Maneno yalitoka ovyo, Kiingereza na Kiswahili vikachanganyika, na sasa nilikuwa ninakosea kila sentensi, lakini ilikuwa imechelewa, walifikiri ninaigiza. Hakimu akainua mkono.

"Kuna mambo mawili," akasema, na karani akamtafsiria baba. "Ama barua hii inasema yale mshtakiwa aliyosema, au wewe uliandika uongo kwa jina lake, na ukakaa kimya mpaka akashtakiwa. Ikiwa ni hilo la pili, basi ni wewe unayepaswa kusimama pale. Ni lipi?"

"La pili," nikasema. "Niwekeni mimi."

Nilisema hivyo na nilikuwa na maana hiyo. Mama alitoa sauti.

Baba akainua mkono, kama mtoto wa darasani. Hakimu akamruhusu.

"Huyu ni mwalimu," baba akasema, na alikuwa amejinyoosha kama siku ya sherehe. "Hajawahi kukosea Kizungu. Mimi nilisema, yeye akaandika. Hiyo barua iko sawa."

"Baba!"

"Nyamaza kidogo, Mwalimu."

Karani akamwuliza kwa Kiswahili chake kile safi, taratibu, kila silabi mahali pake: "Unakubali kwamba ulinyamaza ili mahindi yaoze?"

"Nimekubali."

"Unaelewa maana ya kukubali?"

"Naelewa. Andika."

Ilikwisha kwa muda mfupi kuliko kusomesha kipindi kimoja. Miezi kumi na minane. Hakimu alisema angempa zaidi kama si umri wake, kisha akanigeukia akaniambia kortini si mahali pa mtoto kumwokoa mzazi kwa kujidhalilisha, nirudi kazini, nchi inahitaji walimu wa namna yangu. Nchi! Nilitaka kumtupia kile kitabu usoni.

Walipomtoa nilipenya katikati ya watu nikamfikia kwenye korido. Askari mmoja akageuka upande akajifanya hatuoni. Nilimshika baba mkono wenye pingu.

"Baba, si uongo. Sikuwa nasema ndio utoke. Nilikosea kweli. Ni mimi nimekufunga."

Akanitazama kwa huruma, huruma ya mtu anayeona mwingine amechanganyikiwa na uchungu. Alikuwa na furaha, jamani. Alikuwa anaenda jela na ana furaha, kwa sababu alidhani ameniona nikijitupa motoni kwa ajili yake akanivuta nyuma.

"Najua ulikuwa unanisaidia," akasema. "Sitasahau. Lakini usirudie tena kusema hivyo mbele ya watu. Wewe unajua Kizungu. Sasa nenda, watoto wanangoja."

Hawakunifuta. Sifa za hakimu zilifika ofisi ya elimu kabla yangu, na mwaka uliofuata niliitwa chuo cha ualimu. Baba alipotoka aliishi miaka mingine sita, kifua kibovu, jina langu kinywani mwake bado ni Mwalimu. Nilijaribu. Nilienda na kitabu, nikaenda na karatasi, nikamwekea sentensi mbili moja chini ya nyingine nikamtafsiria neno kwa neno. Alikuwa akisukuma karatasi taratibu upande wangu na kusema, wacha hayo, yaliisha. Nilijaribu hata wiki ya mwisho, amelala, siwezi kumwinua kichwa bila yeye kukohoa. Nikamwambia baba, nisamehe. Akauliza, "Kwa nini tena?" Nikamweleza tangu mwanzo. Akanipapasa mkono mpaka nilipomaliza, kisha akamwambia mama aniletee chai, huyu mtoto amechoka na kazi. Akafa Alhamisi yake, bila kunisamehe, kwa sababu alikuwa hajaamini hata siku moja kwamba nilimkosea.